UZI: Ibrahim El-Salahi, kutoka herufi zilizovunjwa hadi boksi la dawa

KalamuYaMwanzi
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwalimu wa uchoraji hapa Tanga. Siku nyingi nimetaka kuandika juu ya mchoraji mmoja Msudani, Ibrahim El-Salahi, na leo swali la mwanafunzi wangu limenitoa uvivu. Nilimwonyesha picha ya mchoro wake mdogo: mistari ya wino mweusi imesongamana kama mizizi, ndani ya karatasi yenye umbo la ajabu, ina masikio pande zote. Akaniuliza, "Mwalimu, karatasi hii mbona imekatwa hivi?"

Haikukatwa. Ni boksi la dawa lililofunguliwa likalazwa chali, na hayo masikio ni vifuniko vyake. Miaka yote ninayofundisha, watoto huanza na "hiki ni nini?" Huyu aliona karatasi kwanza, na nadhani ndiye aliyeona sawasawa.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili atakayenipinga anipinge vizuri. Kwa El-Salahi hadithi haikai kwenye kinachochorwa, inakaa kwenye kinachochorewa, yaani karatasi au kitambaa. Kila maisha yake yalipogeuka, alibadilisha kitu cha kuchorea, na mchoro ukabadilika nyuma yake. Ninaandika kwa vipande, nivumilieni.

KalamuYaMwanzi
Alizaliwa Omdurman mwaka 1930. Baba yake alikuwa mwalimu wa Qur'ani na chuo chenyewe cha Qur'ani kilikuwa nyumbani kwao, kwa hiyo mkono wake ulizoea herufi na mapambo ya ubao kabla ya kujua kitu kinachoitwa picha. Baadaye alisomea sanaa Khartoum, kisha akapata nafasi Slade, shule ya sanaa ya London, 1954 hadi 1957. Huko akafunzwa kila kitu ambacho mchoraji wa Ulaya hufunzwa.

Akarudi nyumbani na hazina yake, akafanya maonyesho katika hoteli kubwa ya Khartoum. Watu walikuja siku ya ufunguzi, wakanywa vinywaji, wakaondoka, na hawakurudi. Yeye mwenyewe amelisimulia hili mara nyingi. Alikuwa anaongea na watu wake kwa lugha aliyofundishwa na wengine, na watu wake hawakumtukana wala hawakumsifu. Walikaa kimya tu.

Mwingine angesema "hawa hawaelewi sanaa" akarudi London. Yeye aliacha kuchora, akaanza kuzunguka Sudan akiangalia watu wa kawaida wanapamba nini: vikapu, mikeka, vitanda, vibuyu, ngozi, na khati ya Kiarabu ukutani. Aliporudi kwenye kazi alianza kwa woga, akaandika maneno madogo ya Kiarabu pembeni mwa picha, udogo wa stempu ya barua. Watu wakasogea. Akayapanua maneno, wakasogea zaidi. Halafu akafanya jambo ambalo mtoto wa mwalimu wa Qur'ani halifanyi kirahisi: akaivunja herufi. Akaangalia nafasi iliyo ndani yake na nafasi iliyo kati ya herufi na jirani yake, na humo wakaanza kutoka wanyama, mimea, nyuso za watu.

Hapo ndipo ninapouona mwanzo wa udhahania wake. Hakuupata kwa kuacha kuiga maumbile kama walivyofanya Ulaya. Aliupata kwa kupasua maandishi yakabaki mistari isiyosomeka, lakini kila anayeitazama anahisi kwamba iliwahi kusomeka.

MjukuuWaMaalim
Mwalimu, umenigusa pabaya. Mimi ni wa Lamu, babu yangu alikuwa na chuo. Kwetu mtoto hupewa alifu kwanza, huikariri na kuifuata kwa kidole mpaka ikae. Babu alituambia herufi ina kichwa, tumbo na mkia, na ukiandika vibaya alisema "hii ina njaa" au "hii imevimba." Kwa hiyo mtu akiniambia kuna mchoraji alifungua tumbo la herufi akakuta viumbe ndani, sishangai hata kidogo. Nashangaa kwamba sisi wenye milango ya nakshi na misahafu iliyopambwa kwa mkono hatukumtangulia.

Swali: hakugombana na watu wa dini?

KalamuYaMwanzi
@MjukuuWaMaalim asante sana, hilo la "hii ina njaa" naliiba nilipeleke darasani. Kuhusu dini, yeye ni Mwislamu mshika ibada, mwenye asili ya Kisufi, na huzungumzia kuchora kama jambo lililo karibu na sala. Sijaona mahali anapoidharau herufi. Kwangu anaivunja kama mtu anavyomega mkate.

Nirudi kwenye vitu vya kuchorea. Kazi yake inayojulikana sana ya wakati huo inaitwa Reborn Sounds of Childhood Dreams I, ya 1961 hadi 1965, iko Tate, makumbusho ya sanaa ya Uingereza. Ni kubwa, zaidi ya mita 2.5 kila upande, na ameifanya kwa rangi ya mafuta pamoja na rangi ya enameli, ile ya kupaka milango na mabati, juu ya kitambaa cha pamba. Rangi zenyewe ni za udongo: hudhurungi, nyeusi, nyeupe iliyochafuka. Alijifunga kwenye rangi za ardhi ya kwao.

Mtaa_wa_Kati
Niliiona hiyo 2013, Tate Modern walipofanya maonyesho ya kazi za maisha yake yote. Alikuwa wa kwanza kutoka Afrika kufanyiwa hivyo pale. Mimi si mtu wa sanaa, nilikwenda kwa sababu rafiki yangu Msudani alinivuta mkono. Nilichokumbuka ni kwamba picha ile haiko laini. Ukisogea karibu kuna sehemu zinazong'aa na sehemu kavu kama ukuta wa udongo. Kuna watu warefu wenye nyuso kama vinyago na macho yaliyoingia ndani, na wameungana kiasi kwamba hujui bega la nani ni la nani. Rafiki yangu alisimama pale muda mrefu, akasema, "Hawa ni wale tunaowaona tukiwa wadogo usiku." Sikumuuliza zaidi.

JichoKavu
Nimefuatilia tangu mwanzo, na ninasema kwa heshima zote. Mwalimu, hoja yako ina tundu. Unasema hadithi iko kwenye kitambaa na karatasi. Lakini mimi nisiyejua habari za chuo cha baba yake, nikiwekewa mchoro huo nitaona mistari tu. Hadithi yote nimeipata kwako, si kwa mchoro. Sasa mchoro wenyewe unasema nini? Au sanaa ya aina hii haiwezi kusimama bila mwalimu pembeni?

KalamuYaMwanzi
@JichoKavu hilo ndilo swali nililolitaka, na sitalikwepa. Niruhusu kwanza nifike gerezani, maana jibu liko huko.

Mwaka 1972 alirudi Sudan kutoka London, alikokuwa akifanya kazi ubalozini, akapewa madaraka ya utamaduni serikalini, mpaka kuwa naibu katibu katika wizara. Septemba 1975 akakamatwa, akishukiwa kuhusika na jaribio la mapinduzi dhidi ya Rais Nimeiry. Hakufikishwa mahakamani. Alikaa gereza la Kober kwa miezi sita na siku kadhaa.

Ndani, karatasi na kalamu vilikuwa marufuku. Ukikutwa navyo unafungiwa peke yako. Mtu ambaye tangu utoto mkono wake haujapumzika kuandika, anyimwe karatasi! Alichora mchangani uani na kufuta kabla askari hajafika. Alipata vipande vidogo vya karatasi vya kuokoteza, akachora haraka, akavifukia mchangani.

Humo ndimo alimojifunza kitu ambacho shule hazifundishi. Ukiwa na karatasi kubwa unapanga picha nzima kichwani, unagawa nafasi, unaweka hiki kushoto na kile kulia. Ukiwa na kipande cha kiganja huwezi. Unachora kiini. Kesho ukipata kipande kingine unakiweka ubavuni mwa kile cha kwanza, na mstari unavuka mpaka. Picha inakua kama mmea, na mchoraji mwenyewe hajui itaishia wapi wala itakuwa na ukubwa gani.

Baada ya kutoka alijaza daftari zima kwa kalamu na wino, maandishi na michoro pamoja, linajulikana kama Prison Notebook, la 1976, na sasa liko MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa New York. Mwaka 1977 akaondoka kwenda Doha. Huko, 1984 hadi 1985, akafanya kazi inayoitwa The Inevitable: vipande tisa vya karatasi ngumu, wino mweusi, vikiungwa vinajaza ukuta mzima. Iko chuo kikuu cha Cornell, Marekani. Kuna ngumi zimeinuliwa, kuna nyuso, kuna mistari ambayo si kitu chochote ila nguvu. Aprili 1985, mwaka alioikamilisha, Nimeiry akaangushwa na watu waliojaa barabarani Khartoum.

Sasa @JichoKavu, jibu langu. Ondoa maelezo yote hayo. Simama mbele ya vipande tisa. Macho yako yataona mishono, yataona kwamba kila kipande kinaweza kusimama peke yake na hapohapo kinamdai jirani. Utaona hakuna katikati iliyopangwa. Utajua, bila mwalimu, kwamba kitu hiki kilizaliwa vipande vipande na mtu ambaye hakuwa na uhakika wa kipande kinachofuata. Huwezi kujua jina la gereza, hilo nakubali. Ila ile hali ya gerezani imo kwenye mshono.

JichoKavu
Umenisogeza, hujanifikisha. Nimetafuta picha ya hiyo ya vipande tisa, nimeitazama kwenye simu. Mishono inaonekana kweli. Lakini kuna wachoraji wengi wanaounga karatasi kwa sababu tu hawana karatasi kubwa au mlango wa chumba ni mdogo. Mshono hauwezi kusema gereza peke yake.

Nitakachokubali ni hiki: niliposoma habari yako kisha nikarudi kwenye picha, sikuona tena pambo, niliona subira. Labda hadithi na karatasi zinahitajiana, na hakuna haja ya kusema moja imebeba yote.

KalamuYaMwanzi
@JichoKavu napokea. Neno langu "inakaa kwenye kinachochorewa" lilikuwa kali mno. Kinachochorewa kinaibeba hadithi hata kama hakiwezi kuitamka. Nikiandika tena nitaandika hivyo.

Mtembezi_Ruaha
Naingia kwa jambo jingine. Nimetafuta kazi zake nikakuta kuna mfululizo wa miti, mistari iliyonyooka wima, mraba na vipande vya rangi, haufanani na hizo za gerezani kabisa. Huo mti ni upi?

KalamuYaMwanzi
@Mtembezi_Ruaha ni haraz, unaota kando ya Nile. Wasudani husema una vita na mvua: mvua ikinyesha na kila kitu kikiwa kijani, wenyewe unapukutisha majani na kubaki fimbo tupu. Kiangazi kikifika, miti mingine ikakauka, huo unachipua. El-Salahi ameuchukua kama sura ya mtu anayeshikilia msimamo wake, na ya watu wa Sudan. Baada ya kuhamia Oxford mwaka 1998 ameuchora kwa wino na kwa rangi, mara nyeusi na nyeupe, mara nyekundu na manjano za kuwaka. Mti umebaki mistari tu, shina limekuwa milia, ila ukiujua haraz unauona.

Mtembezi_Ruaha
Mwalimu, huo ni mkababu! Huku Ruaha tunao kando ya mto, ni mikubwa kweli. Kiangazi kikikaza, nyika yote imekuwa rangi ya majivu, mikababu ina kivuli na matunda yake yanaanguka, yamejikunja kama maganda ya chungwa yaliyokaushwa. Tembo wanasimama chini wanaitikisa, wengine wanainuka kwa miguu ya nyuma kuyafikia. Masika ukija na wageni, wanakuonyesha huohuo mti wanasema umekufa. Nimewaeleza wageni mara nyingi kuwa umelala tu, na sikuwahi kufikiri mtu angeweza kuufanyia kazi miaka yote hiyo.

Nimeangalia tena ile michoro. Milia ya shina ameipatia. Mkababu mzee gome lake hupasuka kwa mistari mirefu vilevile. Kwa hiyo kwangu hiyo si dhahania, ni mti ninaoufahamu.

MjukuuWaMaalim
Mmenifurahisha sana na mkababu. Ila mwalimu hujarudi kwenye boksi la dawa, nalo ndilo ulianza nalo.

KalamuYaMwanzi
Ni kweli dada, nimelichelewesha kwa sababu ndilo ninalolipenda zaidi.

Uzeeni mwili ulianza kumgomea. Mgongo ukamsumbua kwa maumivu yasiyokwisha, na ana ugonjwa wa Parkinson. Kusimama mbele ya turubai kubwa kukawa shida. Akabaki kitini, na karibu yake kulikuwa na nini? Paketi za dawa alizokunywa siku hiyo. Akaanza kuzifungua na kuchora upande wa ndani kwa kalamu ya wino, akachora pia kwenye bahasha na vipande vingine vya karatasi. Akafanya hivyo siku baada ya siku, mpaka ikawa mamia. Mfululizo unaitwa Pain Relief. Mwaka 2022 ulionyeshwa The Drawing Center, jumba la maonyesho ya michoro New York.

Amesema kuchora humsahaulisha maumivu. Watu wengi husema hivyo kuhusu sanaa na mimi huwa sisikilizi sana. Hapa nasikiliza, kwa sababu ushahidi uko kwenye boksi lenyewe: dawa ilikaa ndani, ameinywa, na palepale ilipokuwa ameweka mstari.

Angalieni mduara ulivyokamilika. Kober alinyimwa karatasi akajifunza kuanza na kipande cha kiganja. Miaka arobaini baadaye hakuna askari, kuna mgongo, na ujuzi uleule ndio uliomwezesha. Mtu mwingine aliyezoea turubai za mita mbili angeweka brashi chini. Yeye alishajua kufanya kazi mahali padogo.

Kisha, na hapa ndipo anaponishangaza, baadhi ya michoro hiyo imekuzwa kwa uchapaji wa skrini ikawekwa kwenye turubai kubwa. Mstari uliochorwa kwa vidole vinavyotetemeka unasimama ukutani, urefu wa mtu au zaidi, na mtetemeko wake haukusahihishwa.

MjukuuWaMaalim
Nimesoma mara mbili. Naomba niseme kitu ambacho huenda mchoraji mwenyewe hakukikusudia, lakini mimi siwezi kutokiona.

Kwetu mtu akiumwa huandikiwa kombe. Maalim huandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, kisha huoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa yale maji. Najua Sudan wana jambo hilohilo, wao huandika kwenye ubao na kuita mihaya. Mtoto aliyekulia kwenye chuo cha Qur'ani Omdurman bila shaka ameona wino ukioshwa na kunywewa.

Sasa ona. Katika kombe, andiko hufutwa ili liwe dawa. Yeye uzeeni amekunywa dawa kwanza, kisha akaandika mahali ilipokuwa, na hakuna anayefuta. Nimekaa na jambo hili jioni nzima. Bibi yangu alikunywa kombe na vidonge vya hospitali pamoja, na sahani ikioshwa kulikuwa na sekunde ambapo herufi zimelegea, zimeanza kuogelea, hazisomeki tena lakini bado ni herufi. Hiyo ndiyo sura ya michoro yake. Nilipokuwa mdogo niliiona mara nyingi na sikujua kama kuna mtu duniani ameichora.

Mtaa_wa_Kati
Dada umenitoa machozi hadharani, niko kwenye treni.

JichoKavu
Nami nimenyamazishwa. Mwalimu, hoja yako ya kwanza niliikataa, lakini hii ya dada imeirudisha kwa mlango mwingine. Kombe ni mfano ambapo kinachoandikiwa na kilichoandikwa havitenganishwi kabisa. Sahani, zafarani, maji, mwili wa mgonjwa. Ukitoa kimoja hakuna kitu.

KalamuYaMwanzi
Hili la kombe sikulijua na sikulifikiria. Nimefundisha juu ya mtu huyu miaka mitatu nikilizunguka bila kuliona, na mama yangu mwenyewe aliwahi kuandikiwa. Asante, dada.

Jumamosi iliyopita nilijaribu darasani. Kila mmoja alileta boksi lolote la nyumbani: majani ya chai, dawa ya meno, kiberiti, dawa za presha za bibi. Tukayafungua, tukayalaza. Masharti yalikuwa mawili: usianze pembeni, na ukifika ukingoni omba kipande kwa jirani uendelee. Hakuna kupanga. Waliolalamika zaidi ni wale hodari wa penseli, wanaojua kuchora uso ukafanana. Mmoja alikaa nusu saa hajagusa karatasi. Yule aliyeniuliza swali la kwanza alikuwa na boksi la dawa za bibi yake aliyefariki mwezi wa pili. Alichora mistari ya wima tu, karibu karibu, akaifuata mikunjo ya boksi, akageuka kila mkunjo unapogeuka. Hakumwomba jirani kipande. Akasema hili linatosha lilivyo.

Mtembezi_Ruaha
Mpe salamu za huku mtoni.

Nami nataka kujaribu. Nina maboksi ya dawa ya malaria na ya dawa ya ng'ombe wa jirani yangu. Nilijaribu jana kwa kalamu ya kawaida, wino ukateleza, haukushika.

KalamuYaMwanzi
@Mtembezi_Ruaha umechorea upande wa nje, ule una nta. Geuza. Upande wa ndani, ule wa kijivu au mweupe uliofifia, unanywa wino vizuri. Tumia kalamu ya wino wa majimaji, na ukitaka mweusi uliokolea pitisha mara mbili baada ya wa kwanza kukauka. Kama unaunga vipande, pika uji mzito wa unga wa ngano, paka kidogo sana kwa kidole, kisha weka chini ya vitabu usiku kucha, la sivyo vitapinda. Na usitupe kipande kilichoharibika, kiweke kando. Ukikosa cha kuendeleza wiki ijayo, anzia hapo.

Mtembezi_Ruaha
Sawa mwalimu. Uji upo, vitabu nina viwili, nitaongezea jiwe.